Kilo moja ya Jumatatu: Mizani inavyowaonea wachezaji wa kike

KILA Jumatatu saa 12:30 asubuhi tulipanga mstari nje ya chumba cha vifaa. Ndani kulikuwa na mizani moja, daftari la kaunta na kocha msaidizi ameshika kalamu. Unavua raba, unapanda, namba inasomwa kwa sauti, inaandikwa. Wenzako wote nje wanasikia.

Nilikuwa na miaka 19, kiungo mkabaji wa timu moja ya wanawake jijini Dar es Salaam. Jina la timu naliacha, maana nia ya makala haya siyo kumchoma mtu. Tulikuwa kwenye maandalizi ya msimu na kocha alishanipa masharti: kutoka kilo 62 nishuke hadi 60 kabla ligi haijaanza, la sivyo namba yangu anapewa mwingine.

Sikubisha. Nikaacha chipsi, soda na maandazi. Ugali nikaupunguza nusu, mboga nikaongeza. Jumatatu ya pili mizani ikasoma 61.4. Jumatatu ya tatu, 61.1. Kocha akatabasamu, na mimi nikaanza kuiona jezi ya kikosi cha kwanza.

Jumatatu ya nne nikapanda. 62.3.

Nilidhani mizani imeharibika. Nikashuka, nikapanda tena. Ni ileile, 62.3.

“We binti, wikiendi ulikuwa kwenye harusi?” kocha msaidizi akauliza. Nje wenzangu wakacheka. Faini ilikuwa Sh10,000 kwa kilo iliyoongezeka, na juu yake raundi kumi za uwanja wakati wenzangu wanachezea mpira. Nikaapa kwamba sikula kitu. Hakuna aliyeniamini, na kusema kweli hata mimi nilianza kujitilia shaka. Labda yale maembe ya Jumamosi?

Kitu kimoja sikukisema pale, kwa sababu mbele ya makocha wanaume watatu hakisemeki. Usiku ule ule nilikuwa nimeingia kwenye siku zangu.

FAINI ILIYOONEKANA KUFANYA KAZI

Kuanzia jioni ile nikaacha kula chakula cha usiku. Asubuhi chai ya rangi, mchana wali kidogo na mchicha, basi. Ijumaa kocha akaniita kwenye mizani peke yangu. 60.7.

“Unaona? Faini inafanya kazi,” akasema.

Na mimi nikaamini. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza, kwa sababu wote wawili tulikuwa tumekosea hesabu. Kilo moja na nusu haikuletwa na chakula, na haikuondolewa na njaa. Ilikuwa maji. Yalikuja na tarehe, yakaondoka na tarehe. Hata kama ningeendelea kula vilevile kama wiki zilizotangulia, Ijumaa ile mizani ingeshuka.

Leo niko upande wa pili, nashika kalamu na kuzunguka kwenye viwanja kufuatilia soka la wanawake. Mizani bado naikuta kambini. Faini bado nazisikia. Ndiyo maana nimeona leo tuiongelee ishu hii kwenye ukurasa huu wa mpira, kwa sababu ni ya mpira kama ilivyo ya nyama za paja au goti.

KINACHOTOKEA MWILINI

Mzunguko wa hedhi unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku moja kabla ya damu inayofuata. Wengi wamekaririshwa siku 28, lakini kwa mwanamke mtu mzima mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida.

Nusu ya kwanza, baada ya damu kukatika, homoni ya estrojeni inapanda taratibu hadi yai linapoachiliwa. Kwa wachezaji wengi hizi ndizo siku ambazo mwili ni mwepesi na mizani ina adabu. Yai likishatoka, homoni nyingine inayoitwa projesteroni inachukua usukani. Joto la mwili linapanda kidogo, chini ya nyuzi moja. Utumbo unapunguza kasi, choo kinakuwa kigumu, tumbo linajaa gesi. Kadiri siku za damu zinavyokaribia, mwili wa wengi unashika maji na chumvi zaidi ya kawaida. Matiti yanauma, vidole vinavimba, bukta inabana kiunoni.

Maji hayo yana uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, haina mjadala. Wapo wasioona tofauti yoyote kwenye mizani, wapo wanaoongezeka nusu kilo, na wapo wanaoongezeka kilo moja hata mbili. Mara nyingi kilele chake ni siku chache kabla ya damu na siku ile ya kwanza yenyewe. Siku mbili tatu baadaye mwili unayaachia, mchezaji anakwenda haja ndogo mara nyingi kuliko kawaida, mizani inarudi ilipokuwa.

Kama wewe ni mwanaume na unaona maneno haya ni visingizio, angalia mfano unaoujua. Mchezaji akikimbia dakika 90 pale Chamazi saa 10 jioni, jua likiwa bado kali, anaweza kutoka uwanjani akiwa pungufu kilo moja au zaidi. Hakuna kocha anayempongeza kwamba amepunguza mafuta. Kila mtu anajua ni jasho, atakunywa maji na zitarudi. Sasa kama kilo ya maji iliyotoka siyo kukonda, kwa nini kilo ya maji iliyoingia iitwe kunenepa?

TUPIGE HESABU

Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Ili mimi niongeze kilo 1.2 za mafuta kati ya Jumatatu na Jumatatu, ningepaswa kula zaidi ya kalori 9,000 juu ya zile ambazo mwili wangu ulikuwa unatumia, na hapo tulikuwa tunafanya mazoezi mara mbili kwa siku. Harusi moja haitoshi. Zingehitajika harusi nzima nzima na nisikimbie hata hatua moja.

Sasa geuza upande wa pili. Mchezaji anayekula pungufu ya kalori 500 kila siku atapoteza karibu nusu kilo ya mafuta kwa wiki. Kwa wiki tatu ni kama kilo moja na robo au zaidi kidogo. Nilianza na 62. Toa kilo na robo, unapata kama 60.7. Ndiyo namba iliyotokea Ijumaa ile. Kwa maneno mengine, Jumatatu niliyopigwa faini nilikuwa nimeshatimiza kazi yangu karibu yote. Maji yaliificha tu, kama ukungu unavyolificha goli uwanjani. Lipo, hulioni.

Hapa ndipo wachezaji wengi wanapopotea. Anajinyima wiki tatu kwa nidhamu, wiki ya nne mizani inamwambia hajafanya kitu. Wapo wanaokata tamaa na kuacha kila kitu. Wapo wanaofanya kama nilivyofanya mimi, wanakaza kamba zaidi. Wote wawili wamedanganywa na namba moja ya siku moja.

NA ILE NJAA JE?

Kuna jambo jingine linalofanya mchezaji ajione mkosaji. Siku chache kabla ya damu, wengi wetu njaa inakuwa kali na hamu inakwenda kwenye vitu vitamu na vya wanga. Unakula ubwabwa, saa moja baadaye unatafuta karanga za mtoto wa dirishani.

Hiyo siyo tabia mbaya. Katika nusu hiyo ya pili ya mzunguko mwili unatumia nishati zaidi kidogo hata ukiwa umelala, na unaidai. Ukimjibu kwa kumnyima, usiku atakushinda na utakula mara mbili. Ni bora kumpa kwa mpango: kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha mchana, yai, maharage, dagaa, ndizi kabla ya mazoezi. Ukiongeza wanga, mizani itapanda kidogo pia, kwa sababu kila gramu ya sukari inayohifadhiwa kwenye misuli inahifadhiwa pamoja na gramu kama tatu za maji. Hiyo ni mafuta ya gari, siyo kitambi. Ndiyo itakayokukimbiza dakika ya 80.

CHELSEA WALIVYOFUNGUKA

Kwa wenzetu mjadala huu ulishatoka chooni ukaingia kwenye ubao wa mbinu. Emma Hayes, akiwa kocha wa Chelsea ya wanawake, alieleza mwaka 2020 kwamba timu yake ilikuwa imeanza kupanga mazoezi na lishe kwa kufuata mzunguko wa kila mchezaji. Walitumia programu ya simu ambayo mchezaji anajaza tarehe na dalili zake, wataalamu wanaangalia na kumshauri. Malengo yao yalikuwa mawili makubwa: kupunguza majeraha na kudhibiti huko kupanda na kushuka kwa uzito.

Hayes alitoa mfano wa fainali ya Kombe la FA mwaka 2016, Chelsea walipofungwa 1-0 na Arsenal. Alisema wachezaji wake wengi siku ile walikuwa kwenye siku zao au wanakaribia, na alipoutazama mchezo aliona timu iliyokuwa inachelewa kila mpira. Hakusema walifungwa kwa sababu hiyo peke yake. Alichosisitiza ni haja ya kulielewa vizuri zaidi jambo hili. Alilalamika pia kwamba mchezaji wa kike amekuwa akifundishwa kana kwamba ni mwanaume mdogo.

Kabla ya hapo, Marekani walikwenda Kombe la Dunia 2019 nchini Ufaransa wakiwa na mpango wa aina hiyo. Kocha wao wa viungo, Dawn Scott, akishirikiana na mtaalamu Georgie Bruinvels, alifuatilia mzunguko wa wachezaji na kuwakumbusha kila mmoja ale nini, alale vipi na ajitunze vipi kulingana na dalili zake. Julai 7 pale Lyon waliifunga Uholanzi 2-0 wakabeba kombe. Kombe lile lilibebwa na miguu ya kina Megan Rapinoe na Rose Lavelle, siyo na kalenda. Lakini mabingwa wa dunia hawakuona aibu kuwa na kalenda.

Tuwe wakweli pia. Wataalamu hawajathibitisha kwamba kila mwanamke anacheza vibaya siku fulani na vizuri siku nyingine. Kuna mchezaji atakayekufungia mabao matatu siku ya kwanza ya damu, na mwingine hawezi hata kunyanyuka kitandani. Anayetumia vidonge, sindano au vijiti vya uzazi wa mpango, mzunguko wake ni hadithi nyingine kabisa. Ndiyo maana huwezi kuwa na sheria moja ya timu nzima. Unahitaji kumjua mchezaji mmoja mmoja.

NILIPOFIKISHWA NA MIZANI

Turudi kwenye daftari la kaunta. Mwezi uliofuata nilishakuwa mjanja. Nilijua tarehe inakaribia, nikaanza kujinyima mapema. Siku nyingine nilikula mlo mmoja. Siku ya mizani sikunywa maji tangu usiku. Kuna dada mmoja kambini alinionyesha vidonge vya kukojoa, vile wanavyopewa wagonjwa wa moyo na presha, akasema ukimeza kimoja Jumapili, Jumatatu unakuwa mwepesi kama karatasi. Nashukuru niliogopa. Dawa za aina hiyo zimo kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku na Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni, wakati wote, siku ya mechi na isiyo ya mechi. Mchezaji akikutwa nazo anafungiwa. Na zaidi ya kufungiwa, kukausha mwili halafu ukaenda kukimbia kwenye joto la Dar ni kucheza na moyo wako.

Namba kwenye mizani ikatulia. Mwezi wa tatu damu haikuja. Wa nne haikuja. Wa tano, haikuja. Mimba haikuwepo, hilo nilikuwa na uhakika nalo. Na msomaji wangu, nilifurahi! Hakuna maumivu, hakuna kununua taulo za kike, hakuna kupanda kilo Jumatatu. Niliona kama mwili umekubali kuwa mwanamichezo.

Kumbe mwili ulikuwa umezima taa.

Chakula kisipotosha mazoezi unayofanya, mwili unaanza kubana matumizi. Kitu cha kwanza kukata ni kile ambacho unaweza kuishi bila nacho leo, yaani uzazi. Damu inakatika. Estrojeni inashuka, na estrojeni ndiyo mlinzi wa mifupa. Kinga ya mwili inalegea, mafua hayaishi, usingizi mbovu, hasira za bure, majeraha yanachelewa kupona. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu hali hii mwaka 2014, na ikasema inawapata hata wanaume.

Mkimbiaji wa Marekani Mary Cain aliwahi kuieleza dunia kisa chake mwaka 2019. Alikuwa binti mwenye kasi kuliko wenzake wote wa umri wake nchini kwao. Kwa maelezo yake mwenyewe, alisukumwa apungue na apungue tena, alipimwa mbele ya wenzake, akakosa hedhi kwa miaka mitatu na akavunjika mifupa mitano. Nilipoisikia stori yake nililia, maana ile ya kupimwa mbele ya watu naijua.

Wangu ulikuwa mfupa mmoja. Mfupa wa muundi, mguu wa kulia. Ulianza kama maumivu ya kawaida, nikaupaka dawa ya kuchua, nikafunga bandeji, nikacheza. Wiki ya tatu nikashindwa kutua mguu chini. Hospitali picha ikaonyesha ufa.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Nilimwamkia, akaangalia picha, akaniangalia mimi. Nilitegemea aniulize niligongwa na nani. Aliniuliza, “Mwanangu, mara ya mwisho kuingia kwenye siku zako ilikuwa lini?”

Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kuniuliza swali hilo tangu nianze kucheza mpira. Miezi mitano daftari la kaunta lilijua uzito wangu hadi nukta, lakini hakuna aliyejua hilo.

Msimu wangu uliishia pale. Uzito wangu siku ile ulikuwa kilo 57. Kwa hesabu za kambi, nilikuwa fiti kuliko wote.

MPIMENI HIVI

Sisemi mizani itupwe. Uzito una maana yake kwa mwanamichezo, na kuna wakati mchezaji kweli amejiachia. Nasema isomwe kwa akili.

Kwanza, mlinganishe mchezaji na yeye mwenyewe, na wiki ileile ya mzunguko. Siku ya tano ya mwezi huu ilinganishwe na siku ya tano ya mwezi uliopita. Kulinganisha wiki moja kabla ya damu na wiki moja baada yake ni sawa na kulinganisha mechi ya nyumbani na ya ugenini halafu ushangae matokeo.

Pili, apimwe asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya kula na kunywa, akiwa na nguo nyepesi zilezile. Ikiwezekana apime siku kadhaa ndani ya wiki na kuchukua wastani. Namba moja ni picha, wastani ni mechi nzima. Kamba ya fundi cherehani kiunoni nayo inasaidia, na jinsi jezi inavyokaa, na muda wake kwenye mbio.

Tatu, mtu anayepunguza uzito ajipe angalau mizunguko miwili ndipo aseme njia yake imefanya kazi au imeshindwa. Na asipunguze kwa haraka msimu ukiwa unaendelea. Kazi hiyo ina wakati wake, na wakati wake siyo wiki ya mechi.

Nne, siku ambazo mwili umejaa maji, usikate maji. Kunywa kama kawaida. Punguza chumvi ya kuongeza mezani na vile vya pakiti, kula matunda na mboga ili choo kiwe laini, tembea, lala. Anayetoka damu nyingi aangalie na madini ya chuma: maini, dagaa, maharage, mboga za majani pamoja na chungwa au limao. Akichoka kuliko kawaida, apime damu.

Tano, na hili naliandika kwa herufi kubwa kichwani mwangu kila siku: damu ikikosekana miezi mitatu na huna mimba, nenda hospitali. Siyo dalili ya ufiti. Ni taa nyekundu.

KWA MAKOCHA NA MABOSI

Soka la wanawake nchini limekua, halihitaji tena kuombewa. Twiga Stars wamecheza Fainali za Afrika mwaka 2010 na wamerudi tena kwenye zile zilizopigwa Morocco Julai 2025. Simba Queens walimaliza nafasi ya nne Ligi ya Mabingwa Afrika 2022. JKT Queens nao wamefika huko. Ukifika kiwango hicho unakutana na timu ambazo zinajua kila kitu kuhusu wachezaji wao.

Kufika hapo hakuhitaji mamilioni. Hakuna ulazima wa programu ya simu. Daftari la mchezaji mwenyewe linatosha: tarehe damu ilipoanza, ilipoisha, alijisikiaje, alilala vipi. Daftari ni lake. Anachagua amwonyeshe nani. Kila timu iwe na mtu mmoja, ikiwezekana mwanamke, daktari, muuguzi au hata matroni aliyefundishwa vizuri, ambaye mchezaji anaweza kumwambia bila habari hiyo kufika kwenye basi la timu. Kinachokwenda kwa kocha kiwe ushauri tu: huyu leo mpunguzie, huyu namba yake ya leo usiihesabu.

Na namba isisomwe kwa sauti. Hilo halina gharama hata senti.

Faini za kilo nazo zifutwe. Soka siyo ngumi, hakuna anayepanda ulingoni kwa daraja la uzito. Bondia anakausha mwili kwa sababu sheria inamlazimisha, na akishapima anapewa muda wa kula na kunywa kabla ya pambano. Mchezaji wetu anapimwa Jumatatu saa 12:30 na saa 1:00 yupo uwanjani anakimbia. Unapata nini? Unapata mchezaji mwepesi asiye na nguvu, na mwisho wake unapata kitanda kilichojaa na benchi lililo tupu.

KWA SISI JUKWAANI

Wiki chache zilizopita nilikuwa kwenye mechi ya ligi ya wanawake. Straika mmoja akachelewa mpira wa kupenyezewa. Jamaa nyuma yangu akapaza sauti, “Mtoeni huyo, kanenepa!” Watu wakacheka, kama walivyocheka wenzangu nje ya chumba cha vifaa.

Sijui yule dada alikuwa na uzito gani. Sijui alikuwa siku ya ngapi. Hata yule jamaa hajui. Lakini nilimwona alivyoivuta jezi yake chini, ikae mbali na tumbo, kisha akaendelea kukimbia. Alicheza dakika zote zilizobaki akiivuta.

Mpira umkosoe kwa mpira. Kachelewa, sema kachelewa. Kakosa bao, sema kakosa bao. Na wewe kocha unayesoma hapa ukiwa na daftari lako la kaunta, kabla hujaandika faini Jumatatu ijayo, hakikisha yupo mtu kambini ambaye ameshauliza lile swali la daktari.